Tuache "Inasaidia Nini?", Tuulize "Umejuaje?"

Kuna swali ambalo Watanzania tumelizoea kiasi cha kutolisikia tena: "Inasaidia nini?" Mwanafunzi huliuliza pale mhadhiri anapotoka hatua mbili nje ya muhtasari wa somo. Karani wa ofisi ya umma huliuliza pale mwananchi anapotaka kujua jambo lisilo na fomu yake. Hata kijiweni huulizwa: mzee anaanza kueleza asili ya jina la kilima fulani, na kijana anamkatiza kwa heshima zote, "Sawa babu, lakini inasaidia nini?" Katika makala haya ninakusudia kulishitaki swali hilo, kisha nipendekeze jingine la kukaa mahali pake.

Nianze kwa kuweka mezani mambo machache yasiyo na kazi, yote ya Mkoa wa Singida.

Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Wajerumani uliokuwa umekatiwa njia ya bahari uligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora. Upande mmoja wa sarafu hiyo kuna tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima. Ziligongwa takribani 16,000, na leo wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani huzinunua kwa bei inayozidi thamani ya dhahabu iliyomo. Dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke, Iramba.

Upande wa kusini wa mkoa, Itigi, kuna vichaka vya aina ambayo wataalamu wa mimea duniani wameipa jina la Itigi penyewe. Ni miti mifupi ya mita 3 hadi 5, iliyosongamana hata mtu hapenyi bila panga, nayo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Uoto huo haupatikani kwingi: ukitoka Itigi, eneo jingine linalotajwa sana liko kaskazini mwa Zambia, pande za Sumbu na Ziwa Mweru Wantipa.

Katika Kirimi, lugha ya Wanyaturu, toni ya juu iliyo mali ya silabi moja husikika kwenye silabi inayofuata. Wanaisimu wa vyuo vya mbali huitaja lugha hii wanapoeleza namna toni inavyoweza kuhama. Wanafunzi wao, ambao hawatafika kamwe Puma wala Ilongero, wameisoma sifa hiyo. Mtoto wa Singida anayeitamka kila siku hajawahi kuambiwa kwamba anayo.

Katika miaka ya 1930 ilijengwa reli ya tawi kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri, na katika muongo uliofuata ikang'olewa. Reli tuijuayo leo kati ya Manyoni na mji wa Singida ni nyingine, iliyojengwa baada ya uhuru. Na Mkoa wa Singida wenyewe ulianzishwa mwaka 1963.

Ndugu msomaji, hakuna hata moja kati ya hayo litakalopandisha bei ya alizeti. Hakuna litakalokuongezea daraja la mshahara, wala sidhani kama litatoka kwenye mtihani. Hata hivyo, nina hakika kwamba umeyasoma hadi mwisho, na kwamba pengine moja kati yake utamweleza mtu kabla jua halijatua. Kwa nini? Kwa sababu binadamu hupenda kujua, na akishajua hupenda kushirikisha. Hoja yangu ni kwamba tabia hii ndogo, ya kupeana maarifa ambayo hayakuombwa na hayalipiwi, ni sehemu ya uraia, na kwamba jamii inayoiua kwa kuuliza "inasaidia nini?" hujidhulumu bila kujua.

Tujiulize kwanza: nani huamua kipi kinasaidia? Mkoloni alikuwa na jibu tayari. Alihesabu nyumba kwa sababu alitaka kodi ya nyumba. Alihesabu wanaume wenye nguvu kwa sababu alitaka vibarua, na ng'ombe kwa sababu alitaka soko. Jambo ambalo halikuingia katika hesabu hizo liliitwa porojo za washenzi. Kama wazee wetu wangekubali kipimo kile, leo tusingemjua Liti. Simulizi za Wanyaturu zinamtaja kuwa mwanamke aliyepambana na Wajerumani kwa kuwatumia nyuki. Simulizi hiyo haikumlipia mtu kodi, wala haikumpa mtoto wa shule alama. Ilisimuliwa kwa sababu ilikuwa tamu kusimulia, ikapita kinywa hadi kinywa zaidi ya miaka 100. Leo uwanja wa mpira wa Singida, uliojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Namfua, unaitwa Liti. Aliyeutoa jina uwanja ule alikuta jina limeshatunzwa na watu ambao hawakuwa na sababu ya kulitunza isipokuwa mapenzi.

Chukua tena sarafu ya Sekenke. Mwaka 2023 mgodi mpya wa dhahabu ulianza uzalishaji Mang'onyi, wilayani Ikungi. Fikiria vijana wawili katika mkutano wa kijiji unaojadili mgodi wowote mkoani humo. Wa kwanza anajua kile tu kilichoandikwa kwenye ajenda. Wa pili anajua pia kwamba zaidi ya karne moja iliyopita dhahabu ya mkoa wake iligeuzwa sarafu yenye tembo, na kwamba sarafu hiyo leo imo katika makabati ya watu wa mbali. Kijana wa pili hana jibu ambalo wa kwanza hana, ila ana maswali ambayo mwenzake hayawezi. Sekenke palibaki nini baada ya dhahabu kuondoka? Kumbukumbu za kilichochimbwa ziko wapi, na nani anaruhusiwa kuzisoma? Miaka 100 ijayo, mjukuu wetu atakuta nini Mang'onyi? Maarifa yale yasiyo na kazi yamempa kipimo, na mtu mwenye kipimo hapunjwi kirahisi.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba kila jambo dogo tunalolijua litakuja siku moja kuwa na faida. Utetezi huo ni wa kawaida, na una udhaifu wake: bado unapiga magoti mbele ya swali lilelile la faida, ila unaomba kuongezewa muda. Mengi kati ya tunayoyajua hayatafaa kitu hadi tunaingia kaburini. Ninachodai ni kwamba hatuwezi kuyatenganisha mapema, na kwamba anayejipa mamlaka ya kuyatenganisha kwa niaba yetu amejipa mamlaka makubwa mno.

Hapa ndipo jambo hili linapogusa sheria za nchi. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Ibara hiyohiyo inaongeza haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi na masuala muhimu kwa jamii. Wasomaji wangu ambao ni watumishi wa umma waangalie tofauti hiyo kwa makini. Neno "muhimu" limo katika haki ya kupewa taarifa. Halimo katika haki ya kutafuta na kutoa habari. Kwa maneno mengine, raia hatakiwi kuthibitisha umuhimu wa jambo ndipo aruhusiwe kulitafuta au kumwambia jirani yake.

Lakini tumepita vipindi ambapo mlango huo ulibanwa. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 na kufanya kuwa kosa kusambaza takwimu zinazopingana na zile rasmi au kuzitia dosari. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake hadharani. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena, makali yale yakaondolewa. Ninayataja haya kwa sababu moja. Sheria ile ya 2018 haikuhitaji kumfunga mtu ili ifanye kazi yake. Ilitosha mwalimu wa kijiji aliyekuwa akihesabu visima vibovu kwa udadisi wake tu ajiulize, "Hizi namba zangu zinanisaidia nini, kama zitanitia matatani?" Akaliweka daftari. Mtu asiyethubutu kusema mambo madogo anayoyajua hatathubutu kusema makubwa.

Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2016 tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, inayomruhusu raia kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma na kuitaka ofisi hiyo ijibu ndani ya siku 30. Ni sheria yenye mipaka yake, lakini ipo. Kinachoivunja nguvu mara nyingi si kifungu bali ni swali la mapokezi: "Unazitakia nini?" Mwananchi wa kawaida, ambaye hana kesi, hana utafiti wala mradi, na aliyetaka tu kujua kata yake ilianzishwa lini, hukosa jibu la kueleweka na kurudi nyumbani. Udadisi wake haukuwa na barua ya utambulisho.

Kwa mfano wenye nguvu zaidi, naomba nitoke Singida kwa muda na kwenda Lushoto. Mwaka huohuo wa 1963 ambao mkoa wetu ulizaliwa, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaingiza kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha. Mwenzake mmoja akaingiza maziwa bila kuyachemsha. Mpemba akaingiza ya kwake yangali ya moto. Ya Mpemba ndiyo yaliyotangulia kuganda. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akafanyiwa mzaha na darasa zima. Kisha Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki, akafika shuleni kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na kuuliza swali lake lilelile. Wenzake wakacheka. Osborne aliahidi kulijaribu, na jaribio lilipofanyika chuoni likaonyesha alichokisema kijana. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na hadi leo wanafizikia wanabishana kuhusu jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba: wengine wanatafuta sababu yake, wengine wanahoji kama lipo.

Mpemba mwenyewe hakutajirika kwa ugunduzi ule. Alikuja kuwa mtumishi wa umma katika sekta ya wanyamapori. Na ukiuliza "inasaidia nini?" kuhusu maziwa ya moto kutangulia kuganda, jibu la kweli ni kwamba haisaidii sana. Fundisho liko kwingine. Walimu na wenzake walikuwa na hukumu kabla ya ushahidi. Osborne hakumuuliza kijana yule jambo hilo lina faida gani, wala hakumwambia haliwezekani. Kwa vitendo alimuuliza: umejuaje? Kisha akasema: na tulijaribu.

Hilo ndilo swali ninalolipendekeza lichukue nafasi ya lile la kwanza.

Utamaduni wetu ulilijua zamani. Tazama kanuni za kitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili!" na hadhira hujibu "Tega!" Wakishindwa kutegua, yeye hudai: "Nipeni mji." Wanampa mji, naye analazimika kufichua jibu mbele ya wote. Hii ni sheria kamili ya kushirikishana maarifa. Anayejua anapewa heshima yake, mji mzima, lakini hawezi kuondoka na mji bila kutoa jibu. Na jibu likitolewa, kila mmoja analipima: linalingana na fumbo au halilingani? Mtegaji mwenye jibu la ovyo huzomewa. Hakuna anayemuuliza kitendawili chake kinasaidia nini.

Linganisha na "Je, wajua?" za simu zetu za leo. Ujumbe unaingia kwenye kundi la ukoo au la wafanyakazi wenzako saa 11 alfajiri: je, wajua kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake? Je, wajua kwamba Ukuta wa China unaonekana kwa macho kutoka mwezini? Yote mawili ni uongo, na yote mawili yamezunguka dunia mara nyingi. Ukimuuliza aliyetuma ameyapata wapi, atakujibu, "Nami nimetumiwa." Mji umeshatolewa, mtegaji hayupo. Uongo kuhusu ukuta haudhuru mtu. Lakini kwa njia hiyohiyo, na kwa maneno hayohayo ya "je, wajua", hupita dawa za kuua wagonjwa na chuki za kugombanisha majirani.

Kuna watakaosema kwamba dawa ya tatizo hili ni kurudi kwenye faida: tusambaze yanayosaidia tu. Sikubaliani nao. Uongo hatari zaidi hujitangaza daima kuwa wenye msaada. Tangazo la tiba ya kisukari kwa siku tatu halikosi faida, linakosa ukweli. Swali la faida haliwezi kuwachuja waongo, kwa sababu wao ndio wanaolijibu vizuri kuliko wote. Swali la "umejuaje?" huwachuja. Nimeona kwa macho yangu, nimesoma mahali fulani, nimesimuliwa na bibi fulani wa Kinyangiri ambaye aliishi wakati huo, nimekokotoa mwenyewe. Majibu yote haya yanakubalika katika mazungumzo ya watu huru, ila hayana uzito sawa, na msikilizaji ana haki ya kuyapima. Jibu pekee lisilokubalika ni kukasirika kwa sababu umeulizwa.

Bila shaka swali hilo linahitaji adabu. Ukimrushia mzee "Umejuaje?" mbele ya watu, litasikika kama tusi, na hutapata kitu. Lakini lugha yetu haina upungufu wa njia: "Shikamoo mzee. Hilo la reli ya zamani ulilipata kwa nani?" Mzee aliyeulizwa hivyo hataona kuwa ameshukiwa. Ataona kuwa kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi amesikilizwa, na aghalabu atakupa mambo matano zaidi ya lile uliloliulizia.

Lipo pingamizi jingine, nalo ni zito. Nchi maskini, linasema, haina anasa ya kujaza vichwa vya vijana kwa mambo ya mapambo. Inahitaji mafundi, waganga na wakulima bora. Wanaosema hivyo hupenda kumtaja Mwalimu Nyerere na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Lakini andiko lile halikudai mikono yenye kazi peke yake. Lilidai pia akili yenye kudadisi, uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine, na mtu anayejiamini katika nafasi yake. Mwandishi wake aliishi hivyo. Akiwa Rais wa nchi yenye matatizo yote tunayoyajua, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, tena mwaka uleule wa Mpemba na wa Mkoa wa Singida, na ya mfanyabiashara wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Tafsiri zile hazikuchimba kisima hata kimoja. Ziliwaonyesha Waswahili kwamba lugha yao inaweza kubeba lolote, na hilo ni deni ambalo sisi tunaofundisha na kuandika kwa Kiswahili tunalilipa mpaka leo.

Mtu anayejua mambo yanayomhusu kikazi tu hutawaliwa kwa urahisi, kwa sababu anayempa kazi ndiye anayempa pia mipaka ya kufikiri. Akijua kwamba vichaka vya nyuma ya nyumba yao Itigi vina jina katika vitabu vya dunia, atausikiliza kwa sikio jingine msumeno unaovikata kwa ajili ya mkaa. Huenda bado atakata, kwa kuwa njaa haina mjadala. Lakini atakuwa anajua anachokikata, na huo ndio mwanzo wa kuwa na kauli juu yake.

Nina maombi matatu. Kwa wanafunzi: likizo hii, andikeni jambo moja kuhusu kijijini kwenu ambalo halimo katika kitabu chochote mlichosoma, na chini yake mwandike mmejuaje. Msiandike kwa nini ni muhimu. Kwa wanaharakati: kabla ya kuwafundisha watu haki zao, waulizeni kwanza wanachokijua kuhusu mahali pao, na mkiandike kama walivyokisema. Kwa watumishi wa umma: siku mwananchi atakapofika dirishani kuuliza kata yake ilianzishwa mwaka gani, au kisima fulani kilichimbwa na nani, mpeni jibu kama mnalo, na mwelekezeni lilipo kama hamnalo. Msimuulize litamsaidia nini. Huenda yeye mwenyewe hajui bado, na si lazima ajue.